Uyoga wa Shambani na Bei ya Dukani

Wazee walisema penye miti hapana wajenzi. Nasi twaweza kuongeza kwamba penye mabua, ubaridi na watu waliozoea kula uyoga tangu utotoni, hapana uyoga wa bei nafuu. Jambo hili latupasa tulitazame kwa makini, kwa sababu linawahusu pamoja mkulima wa Nyanda za Juu Kusini anayeotesha uyoga katika kibanda chake, na mfanya kazi wa Mbeya au Iringa anayeuona uyoga huo katika jokofu la supamaketi, akasoma bei yake, akapita.

Mikoa hii miwili si migeni kwa uyoga. Mvua zianzapo, Novemba au Desemba, hata zikatikapo kwenye Aprili au Mei, misitu ya miombo huchomoza uyoga wa namna nyingi. Akina mama na watoto huuchuma alfajiri, wakauleta kando ya barabara kuu iendayo Zambia, wakauuza kwa ndoo, kwa sado na kwa mafungu. Elimu ya kuutambua unaolika na ule wenye sumu hairithiwi kwa vitabu, bali kwa kufuatana na mama au bibi msituni. Wataalamu wa Finland, pamoja na Bwana Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa mwaka 2003 kitabu kikubwa juu ya uyoga wa Tanzania, na mengi ya majina na matumizi yaliyomo waliyapata vinywani mwa wanavijiji.

Lakini uyoga wa porini una kasoro mbili. Kwanza, mvua ikikatika nao hutoweka. Pili, asiyeujua vizuri aweza kuununua mauti yake. Ndiyo maana kilimo cha uyoga, kilichoanza kuenezwa nchini mwetu katika miaka ya 1990, kilipokewa kwa matumaini makubwa. Uyoga unaooteshwa zaidi ni ule uitwao mamama, wenye umbo la sikio. Hauna shaka ya sumu, waweza kuvunwa masika na kiangazi, na hauhitaji shamba. Ilitazamiwa kwamba utakuwa kitoweo cha watu wengi. Badala yake, katika miji yetu umekuwa kitoweo cha wageni wa hoteli na cha wachache wenye uwezo.

Wapo watakaosema kwamba uyoga ni anasa, na kwamba mfanya kazi ana mambo mazito zaidi ya kuwazia. Hatukubaliani nao. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Iringa watoto 57 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, hali wastani wa nchi nzima ulikuwa 30. Huu ni mkoa unaolima mahindi, maharage, viazi na mboga, na kulisha miji mingine. Uyoga peke yake hauwezi kuondoa udumavu, wala hatutaki kumdanganya mtu. Lakini watoto wanaolishwa ugali mwingi na kitoweo kidogo wanahitaji kila nyongeza ya vyakula vya kujenga mwili, na uyoga ni mmoja wapo. Chakula kinachoweza kuoteshwa nyuma ya nyumba yao kisiwekwe mbali nao kwa sababu ya bei.

HESABU YA MKULIMA

Mambo ya bei hayana budi kupimwa kwa hesabu, si kwa hasira. Basi tuanze na mkulima.

Kilimo cha mamama hudai kibanda kisafi, maji safi, masazo ya mavuno na mbegu njema. Mabua ya mahindi, majani makavu ya mpunga wa Usangu, maganda ya maharage, majani makavu ya migomba ya Rungwe, yote hufaa. Vumbi la mbao za misonobari, ambalo limejaa katika mashine za kupasulia mbao za Mufindi, halifai kutumiwa likiwa bichi, kwa kuwa utomvu wake huuzuia uyoga usikue. Masazo hukatwa vipande vifupi, hulowekwa usiku kucha, kisha huchemshwa au kupikwa kwa mvuke ndani ya pipa ili kuua ukungu na vijidudu. Yakisha kupoa hushindiliwa katika mifuko pamoja na mbegu. Mifuko hukaa gizani wiki tatu au nne, mpaka nyuzi nyeupe zienee mfuko mzima. Ndipo hutobolewa, ikapewa hewa, mwanga kidogo na unyevu, na uyoga ukachomoza. Mfuko mmoja huvunwa mara tatu au nne. Mkulima mwangalifu, kwa kila kilo 10 za mabua makavu, aweza kupata kilo 5 mpaka 10 za uyoga mbichi.

Msomaji na atafakari. Mabua ni yale yale ambayo kila mwaka huchomwa moto mashambani. Hali ya hewa nayo ni ya bure. Mamama hupenda joto la kadiri, kama nyuzi 20 mpaka 28. Ule uyoga mweupe wa mviringo, mfano wa vifungo vya koti, ambao wazungu wanaupenda sana, hutaka ubaridi wa nyuzi 15 mpaka 18 unapochomoza. Mtu wa Dar es Salaam akitaka kuotesha uyoga huo sharti anunue ubaridi kwa mashine na umeme. Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa umepita mita 1,500; ubaridi wameletewa na milima.

Ikiwa mabua ni ya bure na ubaridi ni wa bure, ghali yatoka wapi? Jibu la kwanza ni mbegu. Mbegu ya uyoga si punje ya kuwekwa akiba kutoka mavuno ya mwaka jana. Ni nyuzi hai zilizooteshwa juu ya nafaka iliyochemshwa, mtama au ngano, ndani ya chupa, mahali palipotakaswa kabisa. Mkulima hawezi kuitengeneza jikoni pake. Inapoagizwa Dar es Salaam husafiri karibu kilomita 500 hata Iringa, na zaidi ya kilomita 800 hata Mbeya, ikapita joto la Morogoro na Mikumi katika buti la basi. Ikichelewa njiani hufika imechoka, au imekwisha kuingiwa na ukungu wa kijani. Mfuko ulioingiwa na ukungu huo hutupwa mbali upesi, usije ukaambukiza mingine. Na gharama ya mfuko uliotupwa haitoweki. Huingia katika bei ya mifuko iliyosalia.

HESABU YA DUKA

Jibu la pili ni kuharibika, na hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Uyoga ni maji kwa sehemu tisa katika kumi, tena hauna ganda la kuulinda. Nje ya jokofu hudumu siku moja au mbili. Ndani ya jokofu la nyuzi 2 mpaka 4 hudumu kiasi cha wiki moja, nao kila siku hupungua uzito na kugeuka rangi. Mwenye duka anajua hivyo, na anapopanga bei haangalii tu pakiti atakazouza, bali na zile atakazotupa.

Tuchukue mfano, si kwa kuandika bei ya duka fulani, bali kwa kufanyia hesabu tu. Duka limepokea pakiti 10 za gramu 250 kwa shilingi 2,000 kila moja. Gharama ni shilingi 20,000. Bei ikiwekwa shilingi 4,000, zikauzwa pakiti 6 na kutupwa 4, duka limepata shilingi 24,000. Faida yake ni shilingi 4,000 tu, na bado halijalipia umeme wala mshahara. Sasa tuseme bei imewekwa shilingi 3,000, na pakiti zote 10 zikanunuliwa. Mapato ni shilingi 30,000, na faida ni shilingi 10,000. Bei imeshuka kwa robo nzima, na faida ya duka imezidi mara mbili. Wala mkulima hakupunguziwa hata senti moja.

Hesabu hii yafundisha jambo ambalo wengi hawalioni. Mnunuzi wa pakiti ya shilingi 4,000 hanunui uyoga wake peke yake. Analipia pia uyoga uliotupwa jalalani. Bei kubwa huzaa wanunuzi wachache, wanunuzi wachache huzaa uyoga uliooza, na uyoga uliooza huzaa bei kubwa. Ndiyo duara tunalozunguka ndani yake.

Yako mabaya zaidi. Maduka mengi hayanunui uyoga kwa fedha taslimu, bali huupokea kwa mali kauli: mkulima huacha pakiti zake, akarudi baada ya siku kadhaa kulipwa zilizouzwa na kukabidhiwa zilizoharibika. Katika mapatano ya namna hii hasara yote huangukia mgongo wa mkulima, na mwenye duka hana haraka ya kupunguza bei, maana kinachooza si chake. Naye mkulima akiona hivyo, safari ijayo hudai bei ya juu zaidi ili kuziba pengo.

Sasa tumtazame mfanya kazi. Kima cha chini cha mshahara katika biashara na viwanda kilichoanza kutumika Januari 2023 kilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mtu afanyaye kazi siku 26, hizo ni kama shilingi 5,770 kwa siku. Baadaye viwango vilirekebishwa, lakini na vitupe kipimo. Pakiti moja ya shilingi 4,000 ni zaidi ya theluthi mbili ya ujira wa siku hiyo, na kilo nzima, yaani shilingi 16,000, ni karibu ujira wa siku tatu. Nani atamlaumu akipita mbele ya jokofu akaenda kununua dagaa au maharage?

SI KWA AMRI

Wako watakaotaka bei ya uyoga ipangwe kwa amri. Nchi yetu ina uzoefu wa jambo hilo. Tume ya Taifa ya Bei iliundwa mwaka 1973, ikapanga bei za mamia ya bidhaa, na udhibiti huo ukaja kulegezwa hatua kwa hatua katika miaka ya 1980. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka kwamba bei iliyoandikwa ukutani haikuleta sabuni dukani wakati sabuni yenyewe haikuwapo. Amri yaweza kumzuia mlanguzi anayeficha mali. Haiwezi kuzuia uyoga usioze. Adui yetu hapa si mlanguzi mmoja; ni mbegu itokayo mbali, ni jua, na ni kila mkulima kwenda sokoni peke yake.

Basi twafanyaje? Kwanza, mbegu ipatikane karibu. Mbeya ina kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, kilicho maarufu kwa maharage na mahindi yake, na ina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Iringa ina Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Si haba! Watu wenye ujuzi wa maabara wamo miongoni mwetu. Linalotakiwa ni mbegu ya kutosha, itolewayo kwa ratiba na kwa bei inayojulikana, hata mkulima wa Tukuyu au wa Kilolo aweze kuichukua asubuhi na kuipanda siku ile ile.

Pili, wakulima waungane. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wakulima wa kahawa wa Mbozi na wa chai wa Rungwe walitambua zamani kwamba mwenye debe moja hana sauti mbele ya mnunuzi. Mwenye mifuko 30 ya uyoga naye hana. Lakini watu 20 wenye mifuko 30 kila mmoja wana mifuko 600, nao waweza kupanga zamu za kupanda ili mavuno yasije yote siku moja. Waweza kupeleka uyoga dukani mara tatu kwa wiki, kidogo kidogo, badala ya mzigo mkubwa mara moja. Waweza kuliambia duka: mtatulipa fedha taslimu, nasi tutawapunguzia bei. Hapo mwenye duka atakuwa na sababu ya kuuza upesi, maana kikioza kimeoza chake. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 imewafungulia mlango. Kuingia ni hiari yao.

Tatu, uyoga usiuzwe katika supamaketi peke yake. Duka lenye jokofu lafaa kwa mwenye kununua jioni akitoka kazini na gari lake. Lakini watu wengi wa Mbeya hununua mboga Mwanjelwa, na wa Iringa hununua katika Soko Kuu. Uyoga uliovunwa alfajiri, ukapimwa kwa mizani bila pakiti wala nembo, ukauzwa sokoni kabla ya saa sita, hauna gharama ya jokofu wala ya karatasi za kupendeza. Mwenye shilingi 1,000 naye apimiwe gramu zake 100. Mafungu ya uyoga wa porini yameuzwa hivyo miaka na miaka, na hakuna aliyeona haya.

Nne, unaobaki ukaushwe. Kilo 10 za uyoga mbichi hutoa kiasi cha kilo 1 ya uyoga mkavu, nao ukihifadhiwa vizuri pasipo unyevu hukaa miezi mingi. Mama zetu wameanika uyoga wa porini tangu zamani; kinachotakiwa ni vikaushio visafi vya jua na vifungashio vinavyoziba barabara, na kwa kazi hiyo Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lina ofisi katika mikoa yote miwili. Mkulima mwenye kikaushio halazimiki kuutoa uyoga wake kwa bei ya kutupa jua linapotua.

Tano, mnunuzi naye afungue macho. Pakiti ya gramu 200 na ile ya gramu 250 hufanana kabisa zikiwa rafuni. Moja ikiuzwa shilingi 3,500 na nyingine shilingi 4,000, wengi watakimbilia ya kwanza kwa kudhani ni rahisi. Lakini ya kwanza ni shilingi 17,500 kwa kilo, na ya pili ni shilingi 16,000. Sheria ya Vipimo yataka bidhaa iliyofungwa ionyeshe kiasi chake, na Wakala wa Vipimo yupo kuisimamia. Maduka yetu yangefanya jambo la heshima kama yangeandika pia bei ya kilo moja chini ya kila pakiti. Wino wa kufanya hivyo haugharimu kitu.

MFANO WA WENZETU

Wala hatuneni ndoto. Rwanda, jirani yetu, ni nchi ya vilima na ubaridi kama Rungwe, na mashamba yake ni madogo kuliko yetu. Kwa msaada wa Uchina kilifunguliwa mwaka 2011, wilayani Huye, kituo cha kufundishia kilimo, na moja ya kazi zake kuu imekuwa kutayarisha mbegu na mirija ya uyoga na kuwafundisha wananchi na vyama vyao kuuotesha. Angalieni mpangilio wake: kazi ngumu ya maabara hufanywa mahali pamoja na mafundi, na kazi nyepesi ya kumwagilia na kuvuna huachwa nyumbani kwa mwananchi. Uchina yenyewe, ambayo leo hutoa zaidi ya robo tatu ya uyoga wote unaolimwa duniani, ilifika hapo kwa kaya za vijijini zenye mabanda madogo, zilizopewa mbegu, mafundisho na njia ya kwenda sokoni.

Lakini lazima tuwatahadharishe wananchi. Siku hizi wako wanaouza mafunzo na mbegu kwa ahadi ya utajiri wa miezi mitatu. Humpigia mkulima hesabu ya kuvuna, wasimpigie hesabu ya kuuza. Mtu akianza na mifuko 500 kabla hajampata mnunuzi mmoja, atajikuta na uyoga mwingi na madeni mengi. Ni heri kuanza na mifuko michache, kujifunza kuzuia ukungu, kujua nani atanunua na siku gani, ndipo kuongeza. Tena akumbuke kwamba wakati wa mvua atashindana na ndoo za uyoga wa porini, na kwamba bei yake nzuri iko kiangazi. Haba na haba hujaza kibaba.

Tumekwisha kuona kwamba bei ya uyoga katika miji yetu haikuumbwa na udongo wala na hali ya hewa. Imeumbwa na mpango wetu wa kuotesha, kusafirisha na kuuza, na kilichoumbwa na mpango chaweza kubadilishwa kwa mpango. Mkulima hapati haki kwa kuuza pakiti sita na kurudishiwa nne zilizooza. Mwenye duka hatajiriki kwa rafu iliyojaa kitu asichokinunua mtu. Wala mfanya kazi hashibi kwa kutazama. Wote watatu wanapata hasara katika duara moja, na wote watatu wana sehemu yao katika kulivunja: mkulima kwa kuungana na wenzake, mwenye duka kwa kulipa taslimu na kuuza upesi kwa bei ya kadiri, na mfanya kazi kwa kudai kipimo cha haki na kununua kilicho chema kipatikanapo karibu naye.

Mabua yapo. Ubaridi upo. Watu wajuao uyoga wapo. Sasa wajenzi nao na wajitokeze.